Mkate Uliolala Kwenye Mayai

Kericho, Jumapili usiku, 1934

Amekula. Mama mkwe amekula, na sasa naweza kupumua.

Jana jioni niliroweka mkate mkavu kwa maziwa, mayai na kitunguu, kama nilivyojifunza nilipokuwa yaya kwa memsabu. Sufuria ililala dirishani kwenye baridi. Asubuhi nikaiweka jikoni, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, tule kabla ya kanisa.

Harufu ilipojaa nyumba ndipo nikakumbuka. Kwetu Maragoli mwanamke hali mayai. Sisi watu wa misheni tuliacha mwiko huo, lakini mama ya mume wangu alifika juzi tu, na tangu afike ananiangalia tumbo. Tumekaa bila mtoto tangu arusi. Nilijua atasema leo ameona sababu.

"Hii iko na mayai?" akauliza.

Yohana, mume wangu, akaanza kutafuta viatu ambavyo tayari alikuwa amevaa.

"Iko, mama."

Akainama, akanusa sahani.

"Mayai inafunga uzazi," akasema, akivuta sahani karibu. "Uzazi yangu ilifunga zamani. Lete kijiko."

Alikula, akaongeza. Kisha akachukua na sahani yangu. "Wewe bado, binti yangu. Kunywa uji."

Binti yangu. Hajawahi kuniita hivyo. Nikaenda kanisani na njaa, nikaimba kuliko wote.

Ameomba mkate ule tena kesho. Nimeshauroweka. Wangu uko kwenye kikombe, nyuma ya debe la unga.