Shai Wangu Alibaki Mgombani

Shikamoo Bibi,

Baridi ya Johannesburg inaingia hadi kwenye meno. Tangu asubuhi nasuka watu nywele kando ya barabara, na vidole havinisikii tena. Leo jirani yangu Mmisri, muuza mablanketi, kanimiminia chai, akaniambia kwao zamani waliamini kila mtu huzaliwa pamoja na Shai, mungu wa majaaliwa yake, anayeandamana naye hadi moyo wake upimwe kwenye mizani baada ya kufa.

“Basi wangu kapotelea njiani,” nikamjibu.

Akacheka. Mimi nikakumbuka ulivyozika kondo la nyuma nilipozaliwa, pale mgombani nyuma ya jiko. Nadhani Shai wangu alibaki hapo. Ukimwagilia, mwambie asihangaike kunitafuta. Nimechoka, Bibi. Nakuja mimi.

Jifunike vizuri,
Mjukuu wako, Tatu