Walisimama Wakamwamkia

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba salamu hutangulia mengine yote, na leo ni salamu hizo hizo zilizonileta kwako. Nimekaa kwenye ngazi za ofisi ya walimu hapa Mkolani, watoto wameshaondoka, na sina mwingine wa kumwambia haya.

Mjukuu wako Neema ameanza darasa la kwanza, chumba kile kile ulichofundisha mpaka ukastaafu. Presha ilikuchukua kabla hujamwona na sare. Sketi ni ndefu, nimeikunja kiunoni, ungenicheka. Shule bado haina ukuta. Ni ule ule uzio wa minyaa, na pale mbuzi wanapopenya na watu wanapenya.

Muhula uliopita majambazi wenye bunduki walivamia duka la miamala ya simu jirani na shule. Walipokuwa wakiwakimbia polisi, wakakatiza uwanjani kwetu. Hakuna mtoto aliyeguswa, tunamshukuru Mungu. Lakini mmoja wao alisimama kwenye dirisha la darasa la kwanza, akahema, akachungulia ndani. Watoto wakampungia mkono. Neema alinisimulia hivyo huku anakula ugali, Mama, wala hakuacha kutafuna.

Basi ikaagizwa kila shule ijiandae. Na kazi akapewa nani? Mwanao. Mwalimu mkuu alisema nina sauti. Nikaenda semina, nikarudi na maelekezo: fungeni mlango, kaeni mbali na madirisha, nyamazeni. Mlango upi? Unaukumbuka ule wetu, kitasa kiling'oka wewe ukiwa bado kazini. Na mbali na madirisha wataenda wapi, wakati wamebanana hivyo na wengine wanakaa sakafuni? Nikamuuliza mlinzi ana silaha gani. Akanionyesha rungu lake, akacheka, na mimi nikacheka. Tungefanya nini?

Tukafanya jaribio. Nilipanga kengele igongwe haraka haraka, iwe ishara ya hatari. Ikagongwa. Shule nzima ikatoka mbio ikaja kupanga mistari uwanjani, wafupi mbele, warefu nyuma, mikono mabegani kupimana nafasi. Viranja wakawa wananyoosha mistari. Wote pale hadharani, kimya, wananisubiri niwaambie kitu. Miaka yote tumewafundisha kwamba kengele ikilia ni mstarini, wangejuaje kwamba safari hii ni kujificha?

Tukaacha kengele, tukachukua filimbi. Mgambo wa mtaa akakubali kuigiza mvamizi, akashika fimbo ndefu. Filimbi ikalia, watoto wakaingia chini ya madawati, wakanyamaza. Hata mimi niliyekuwa nje nilianza kuamini. Mgambo akausukuma mlango wa darasa la kwanza.

Wakasimama wote. "Shikamoo mwalimuuu!"

Naye maskini, malezi hayajifichi, akajibu, "Marahaba, hamjambo?"

"Hatujambo!"

Walimu walicheka mpaka wakashika kuta. Mimi nilikwenda nyuma ya vyoo nikalia. Sauti ile ni yako, Mama. Ule mvuto wa sauti mwishoni mwa neno uliwafundisha wewe kaka zao na dada zao, na wao wameuokota kwao. Mtu mzima akiingia, tunasimama, tunamwamkia. "Mtoto asiyesalimia ametoka kwa nani huyu?" ulikuwa ukiuliza, na mzazi mzima anainamisha kichwa.

Sasa nawafundisha wasisalimie. Kila Ijumaa. Wanashika upesi, na hilo ndilo linaloniuma. Juzi bibi mmoja jirani alimletea mjukuu wake sweta alilosahau. Akapiga hodi, akaingia, akakuta chumba kimya na miguu imejitokeza chini ya madawati. Akaja ofisini kuniuliza amewakosea nini. Nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikamsindikiza hadi nje. Na mjomba alipotutembelea kutoka Misungwi, Neema alimtazama tu, kisha akaniuliza mbele yake, "Mama, huyu tunamsalimia?" Mjomba alikunywa chai yake nusu, akaaga.

Jana nilipokuwa namsuka Neema, aliniuliza tena. Tukinyamaza kabisa, jambazi hatatuona? Nikamwambia ndiyo, mwanangu, hatawaona. Ukiinama kidogo tu, chini ya dawati unamwona mtoto mpaka soksi zake. Nimemdanganya kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa.

Nimechoka, Mama. Nimeomba kitasa, naambiwa nisubiri. Wazazi walichanga kwa ajili ya ukuta, ukaishia kwenye msingi, na sasa watoto wanaurukaruka wakati wa mapumziko. Ninapopita njiani nawatazama watu mikononi. Pikipiki ikipiga mlipuko huko barabarani naangusha chaki. Sijui wenzangu wanalalaje.

Nimefanya jambo moja tu lililo ndani ya uwezo wangu. Nimemwomba mwalimu mkuu anitoe darasa la sita, nichukue hili lako. Amekubali kwa mshangao, maana hakuna anayelitaka. Meza yako nimeitoa pale ubaoni nikaisogeza karibu na mlango. Kengele ya kuingia ikishalia naiegemeza meza kwenye mlango wenyewe, nafundishia hapo hapo. Ni nzito. Nilimwita mwalimu mmoja wa kiume tuisukume kwa nje, tukaisukuma bila taabu. Bado nimeiacha pale.

Pumzika sasa. Nitakuja kaburini kung'oa majani mvua zikipungua, nimlete na Neema. Siwezi kukuahidi kwamba watakuwa salama, ungejua nadanganya. Ninachokuahidi ni hiki: mlango ule ukisukumwa, atakayekutwa wa kwanza ni mimi, na watoto watakuwa nyuma yangu wamenyamaza. Kama ni lazima mtu huyo aamkiwe, nitamwamkia mimi.

Mwanao,
Mama Neema