Usipake Manukato Jumamosi

Jumapili, 12 Novemba 2023

Leo Baba hakunifukuza!

Niandike vizuri maana mwenyewe bado siamini. Nimetoka kwenye ubatizo wa mjukuu wa jirani yangu Morven, nimejipaka manukato, tena si haba. Nikapitiliza hadi kwa Baba kumpelekea supu. Nimesahau kabisa. Nimekumbuka nikiwa tayari nimembusu shavuni. Nikasubiri radi.

Hakuna. "Funga mlango, binti, baridi inaingia." Basi!

Baba yangu. Wattie Gauld, mnusaji wa kiwanda cha wiski cha Glen Durrie, aliyepima mapipa kwa pua miaka arobaini na moja, ambaye kijiji kizima kinamwita Pua. Sabuni ya kunukia haikuwahi kuingia nyumbani kwetu. Samaki walikaangwa Jumamosi tu, kwa sababu kesho yake hakuwa na pipa la kunusa. Nikiwa na miaka kumi na minne nilipaka losheni ya waridi ya rafiki yangu, akaniamuru nikaoge mara mbili, maji ya baridi, mwezi wa Januari. Mama alilia. Yeye wala.

Halafu akanimiminia chai. Maziwa yamechacha — niliisikia harufu jagi likiwa bado mezani. Yeye akanywa kikombe kizima, akafuta midomo. Yangu niliimwaga kwenye sinki alipogeuka. Nadhani alikuwa amegeuka.

Baba hasikii harufu.

Jumatatu, 13 Novemba

Sikulala vizuri. Najumlisha moja na moja. Korona ya Krismasi iliyopita — alisema ilimpita kama mafua tu. Mkate ulioungua Pasaka, akala. Paka aliyekojoa kwenye kapeti wiki nzima. Na kila mtu akimpa wiski siku hizi, kwanza anavaa miwani asome karatasi ya chupa. Zamani hakuwa anasoma. Zamani alikuwa anaifunika kwa kiganja.

Miezi kumi na moja, na hakumwambia mtu. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Lakini huyu si kifo anachokiogopa.

Jumatano, 15 Novemba

Struan kapiga simu. Mdogo wangu akianza na "Dada, nina wazo zuri," najua kuna mtu ataumia.

Jumamosi ya tarehe ishirini na tano Baba anatimiza miaka themanini. Ukumbi wa kijiji umeshakodiwa, hilo nalijua, mimi ndiye mpishi. Jipya ni hili: kila mgeni aje na chupa. Yeye Struan atachagua tano, atamimina kwenye glasi tano zisizo na jina, na Baba atazitaja moja moja mbele ya watu wote. Kama zamani! Meneja wa Glen Durrie anakuja. Vijana wa chumba cha kunusia wanakuja. Watu wameshaanza kubishana atapata zote au atakosa moja.

Nikamwambia aache. Mzee amechoka, atasimama muda mrefu, magoti yake. Akacheka. "Anatumia pua, dada, si magoti!"

Nikasema basi amuulize kwanza. Akasema ameshamuuliza. Na Baba kasema nini? "Kasema sawa."

Sawa!

Nilitaka kumwambia ukweli. Ulifika hadi kwenye ulimi. Lakini Struan akipewa siri, hadi kuku wa jirani wanaijua kabla ya jioni. Nikasema tu kwamba sipendi. Hapo akabadilika sauti: "Bado unaona wivu tu, Rhona. Miaka yote hii."

Nikamkatia simu. Nikarudi kwenye jiko la shule ninakopika, nikakata karoti za wanafunzi mia moja na ishirini vipande vya ajabu ajabu.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimeenda dukani kwa Bi Pirie kutafuta chupa ya zawadi. Nimekaa saa nzima. Ukuta mzima ni wiski, na nilikuwa natafuta moja tu: ile ambayo mtu asiye na pua anaweza kuitambua.

Bi Pirie ananijua tangu nikiwa na nepi. Akaanza maneno yake. Hii ina tufaha lililookwa. Hii asali na ngozi ya tandiko. Hii moshi wa mboji wanayochoma kukaushia shayiri, ukiifungua jikoni mbwa anatoka nje.

"Nataka isiyo na harufu," nikasema. Lilinitoka tu.

"Basi nenda mtoni, binti. Bure."

Nikachukua chupa moja moja, nikazitikisa. Akaniangalia kwa jicho. "Nani kakufundisha hiyo?" Nani mwingine! Ukitikisa wiski, juu yake zinatokea shanga za povu. Iliyotiwa maji mengi, shanga ni ndogo na zinapasuka mara moja. Kali, iliyotoka kwenye pipa moja kwa moja, shanga ni kubwa na zinakaa, zinakaa, unaweza kuzihesabu. Baba alinionyesha nikiwa na miaka minane, kwenye ngazi za nyuma. Hiyo haihitaji pua. Inahitaji macho, na macho anayo.

Nikaipata rafu ya chini. Glen Durrie, haijatiwa maji, ilitiwa kwenye pipa 2008, mwaka aliostaafu. Nikaitikisa. Shanga kama macho ya chura, zikanitazama.

Bei yake sitaiandika hapa, isije siku moja nikaisoma.

Mpango: nitamshawishi Struan hii iwe mojawapo ya zile tano. Baba ataomba aone chupa zikitikiswa, ni haki yake kama mnusaji. Atapata walau moja kwa macho. Ulimi nao bado upo — ukali, utamu, uzito. Pengine atapata mbili. Atakosa tatu kwa heshima. Mtu wa themanini akikosa tatu, watu watasema uzee tu.

Jumapili, 19 Novemba

Nimempitia Baba bila manukato, na nilikuwa nimekusudia kumwambia. Baba, najua. Maneno mawili.

Nikapita nyuma, kwa dirisha la jikoni. Alikuwa mezani. Chupa sita mbele yake, daftari, penseli. Na mkononi kitunguu. Amekikata katikati, amekibana puani kwa nguvu, macho yamefumbwa, machozi yanamtiririka. Anavuta pumzi. Anasubiri. Anavuta tena.

Nilirudi hadi getini, nikajifanya ndiyo nafika, nikaimba kwa sauti, nikapiga mlango kwa nguvu. Alipofungua chupa hazikuwepo. Kitunguu alikuwa amekitia kwenye mfuko wa sweta.

"Macho yako mekundu, Baba."

"Upepo."

Tukanywa chai, na mfuko wake ukinuka kitunguu muda wote kati yetu. Akaniuliza kuhusu shule, kuhusu paa langu linalovuja. Nikajibu. Sikumwambia lolote. Nani angeweza? Nimelia kwenye gari, na mimi sikuwa na kitunguu.

Jumanne, 21 Novemba

Struan kaja shuleni mchana na sanduku, anang'aa. Ameazima kiwandani zile glasi za kunusia. Za bluu! Bluu nzito, huoni rangi ya kilichomo, huoni povu, huoni kitu. "Asije akasema mtu kwamba mzee anaibia kwa macho."

Nikamuuliza chupa zenyewe zitakuwa wapi. Nyuma ya pazia. Atamimina yeye mwenyewe, hakuna atakayeziona wala kuzigusa.

Kwa hiyo macho yameondoka. Kimebaki ulimi, ulimi wa mzee wa miaka themanini anayekunywa maziwa yaliyochacha.

"Mbona umekasirika?" Struan kasema. Kwa kweli alishangaa. Anampenda Baba, hilo nimpe. Anataka watu wampigie makofi kama siku za zamani. Nilimwangalia na sanduku lake nikashindwa hata kumgombeza. Nikampa sahani ya pudini, akala, akaondoka.

Alhamisi, 23 Novemba

Simu. Baba hapigi simu. Simu kwake ni ya kutangaza misiba.

"Rhona. Jumamosi usipake manukato."

Nikadhani amepona! Nikadhani amesikia harufu yangu — lakini juzi sikuwa nimepaka. Nikamuuliza kwa nini.

"Nimekwambia tu."

Nasikia saa yake ya ukutani.

"Una mafua?"

"Hapana, Baba."

"Shuleni watoto wana mafua sana kipindi hiki. Vaa skafu."

Akakata. Sasa hili ni nini? Upendo? Ukali wa mazoea? Miaka hamsini na moja ninayo, na bado naambiwa nivae skafu. Nimevaa lakini.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimefunga chupa kwa karatasi ya kahawia. Pai ziko tayari kuokwa. Bado supu, kesho.

Nimekaa na kukumbuka mchezo wa mkono wa koti. Nilikuwa mdogo, labda saba, labda tisa. Baba akirudi kazini alikuwa ananinyooshea mkono, mimi nanusa koti. "Leo?" Namwambia: pipa la mvinyo wa sheri. Au: pipa jipya, Baba, linanuka vanila. Au: leo umeingia ghala namba tatu, lile lenye ukungu. Sikukosa mara nyingi. Alikuwa anacheka hadi Mama anatoka jikoni kuangalia.

Nikiwa na miaka kumi na saba nilimwomba anipeleke chumba cha kunusia nikajifunze kazi. Alikuwa anafunga viatu. Hakuinua kichwa. Akasema pale si mahali pa wasichana. Miaka miwili baadaye akampeleka Struan, ambaye hawezi kutofautisha wiski na siki, na aliacha kabla ya miezi sita.

Mkono wa koti hakuninyooshea tena. Mimi nikaenda kupika.

Struan anasema wivu. Haya, ni wivu. Nimeandika. Na kesho sitaki aaibike, hilo nalo ni kweli, yote mawili yamo kwenye kifua kimoja na hayapigani hata kidogo.

Jumamosi, 25 Novemba

Jikoni, ukumbini. Saa tisa na nusu alasiri. Naandika nimesimama, daftari kwenye ubao wa kukatia, kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele.

Watu wamejaa hadi kwenye korido. Baba kavaa suti ya mazishi na tai nyekundu. Zawadi zimeanza. Yangu akaifungua taratibu, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Akaitazama chupa. Hakuvaa miwani. Akaitikisa mara moja, akaiinua dirishani. Ukumbi ukanyamaza. Shanga zikakaa.

"Ya kwetu," akasema. "Haijaonja maji. Asilimia sitini na moja, labda sitini na mbili."

Meneja akasoma karatasi: sitini na moja na nukta tano. Makofi! Watu wakapiga meza. Struan anaruka ruka. Mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu juzi.

Kisha Baba akanivuta kwa bega kana kwamba ananishukuru, akasema sikioni, pole pole: "Umenichagulia ya macho, binti. Hukunichagulia ya pua."

Anajua kwamba najua! Tangu lini? Tangu yale maziwa? Alikuwa hajageuka!

Nilikimbilia huku nikisema supu inaungua. Supu haiungui. Nimekata vitunguu vitatu visivyohitajika.

Nasikia Struan anapanga glasi. Moja, mbili. Anawatania vijana wa kiwandani. Sasa amemwita Baba kwenye meza. Makofi tena. Sasa kimya. Kimya kirefu mno. Mungu wangu, bila shaka ameshika ya kwanza.

Mlango.

Ni Struan. Uso umempauka. Kasema, "Dada, toka. Baba anakuita."

Nikamuuliza kuna nini.

"Sijui! Hajagusa hata glasi. Kawaambia watu wote hawezi kuanza." Akafunga mlango nyuma yake. "Kasema hawezi kuanza bila pua yake. Halafu akasema, mleteni Rhona."

Nimemwambia anipe dakika moja. Amerudi.

Usipake manukato. Una mafua? Vaa skafu.

Miaka thelathini na minne! Hakuinua kichwa kwenye viatu vyake, na leo ananiita mbele ya kijiji, mbele ya meneja, nikiwa na aproni! Na kama nikikosa? Sijanusa glasi ya kazi maishani mwangu. Nanusa supu. Nanusa maziwa ya shule. Nikikosa tutaaibika wawili. Nisipotoka ataaibika peke yake. Nina hasira, na nataka kutoka, nataka sana.

Mikono yangu inanuka vitunguu.

Sabuni ya hapa ni ya ndimu. Siwezi. Nimenawa maji matupu, mara mbili, ya baridi. Nimesugua vidole kwa chumvi na mgongo wa kijiko. Nanusa — bado kidogo, kidole gumba. Nasugua tena.

Struan anagonga. Nyuma yake hakuna sauti hata moja, watu wote wale. Nimechungulia upenyoni. Baba yuko mezani, glasi tano za bluu mbele yake, hajaziangalia. Anautazama mlango huu. Ameunyoosha mkono wake wa kulia, wa koti, ameuacha hapo hapo hewani. Natoka.