Nilizikalia Katoni za Sahani

Jumapili, baada ya alasiri. Jua la Garissa leo halina adabu, na upepo unatuletea moshi wa takataka wanazochoma nyuma ya nyumba ya jirani. Nilifunga madirisha, joto likanikaba, nimeyafungua tena. Viganja vinaniwasha kwa kusugua masinia tangu jana. Nina furaha yenye kiburi ndani yake, na sitaki kuificha.

Wacha niandike kabla sijapoa.

Yote yalianza na mbuzi. Mama alihamia kwangu baada ya ukame kummalizia mifugo kule Bura, akaja na mbuzi wachache waliobaki. Kila asubuhi huwafungulia, wanazurura mtaani kama mbuzi wote wa mji huu, jioni wanarudi wenyewe. Juzijuzi yule mweupe, aliyekuwa akitupatia maziwa ya chai, alivimba tumbo akakataa hata maji. Tulimwahi kwa kisu kabla hajafa. Mama alipopasua tumbo alikuta bonge la plastiki: vipande vya mifuko ya buluu, kamba ya gunia, hata pakiti ya maziwa. Lote limesokotana, gumu, zito.

Mama hakulia. Alilishika lile bonge, akaliweka chini, akaenda kuswali. Tangu siku hiyo alikuwa haongei ila salamu.

Mimi najua lilivyoingia. Sote hapa mtaani tunafunga mabaki ya wali kwenye mfuko, tunarusha nje ya geti, tunajiona watu wema kwa sababu mbuzi watakula. Na kweli wanakula. Wanakula na mfuko wenyewe. Mifuko imepigwa marufuku miaka mingi, lakini hapa bado ipo kila duka, na hakuna anayeuliza imetoka wapi.

Basi nikaapa. Nyumbani kwangu maganda yanaingia kwenye beseni, mbuzi wanakula humo palepale uani. Mitungi ya mafuta ya kupikia inabeba maji. Makopo ya maziwa ya unga yameota sukuma wiki. Jirani mmoja ameshanipa jina, Mwalimu Taka. Nalipokea. Baya kuliko hilo nimeitwa na wanafunzi wangu.

Kazi ilikuwa jana.

Mdogo wangu Fatuma amejifungua msichana, na wanqal, karamu ya kumpa mtoto jina, ilikuwa ifanyike kwangu. Nilitangaza mapema kwamba hakuna sahani za kutupa, hakuna chupa za maji, hakuna mifuko. Watu watakula kwenye masinia, pamoja, kama walivyokula mama zetu. Mbuzi wa mama wako nje ya geti hilohilo. Karamu moja ya kwetu inaweza kuwamaliza wote waliobaki.

Eedo Halimo, shangazi yangu, alinisikia, akaenda zake dukani. Yeye ndiye msimamizi wa karamu zote za ukoo, na tangu nizaliwe sijasikia mtu akimpinga. Jana asubuhi nikamkuta ukumbini na katoni za sahani za plastiki, kisu mkononi, tayari kuzifungua.

"Ayaan, wageni watakula na nini?" akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Unataka watu waseme nyumba ya ndugu yangu imebata umaskini? Kuosha fyombo ni ya watu hawana kitu!"

"Eedo, nisamehe. Hizi hazifunguliwi."

Nikazikalia.

Mwalimu mzima, na dera jipya, nimekaa juu ya katoni kama mtoto aliyenyimwa peremende. Akanivuta mkono, sikuinuka. Akamwita Fatuma, naye Fatuma akajifanya ananyonyesha. Eedo akarusha kisu mezani, akatoka. Nikazisukuma katoni chini ya kitanda changu, nikafunga mlango.

Halafu nikazunguka nyumba za majirani kuazima. Hapa kwetu kila mwanamke ana alama yake chini ya chombo, tone la rangi ya kucha, ili baada ya shughuli vyombo vijue njia ya kwao. Nyekundu, zambarau, ya dhahabu. Nilikuwa nimesahau jinsi zinavyopendeza vyombo vikianikwa pamoja juani.

Watu walikula, wakanawa kwa birika, wakashiba. Nikaanza kujipongeza. Hapo ndipo nilipogundua kosa langu.

Nilisahau chakula cha kubeba.

Karamu yetu haiishi watu wakishiba. Kila mgeni hubeba wali na nyama kwa ajili ya wagonjwa na wazee walioshindwa kuja, na siku hizi hubeba kwa mfuko. Wanawake walisimama mlangoni wakisubiri. Nikawaambia mifuko haipo. Kisha Eedo Halimo, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Wallahi, leo nimeona ubahili."

Afadhali angenipiga. Kwetu mtu husamehewa mengi, lakini si ubahili. Niliona uso wa Fatuma unasawijika, na kwa mara ya kwanza nikataka kukimbilia zile katoni.

Mama aliinuka. Akaingia chumbani kwake, akatoka na mabakuli yake ya bati aliyokuja nayo kutoka Bura, yaliyobonyea, yenye rangi iliyobanduka. Akajaza la kwanza mpaka likafurika, akamwekea Eedo mikononi.

"Chukua," akasema. "Kesho urudishe. Mbuzi yangu moja imekufa, ingine sitoi."

Eedo akalishika bakuli. Wengine wakapanga foleni, na mabakuli ya mama yalipokwisha, tukahamia kwenye masufuria yangu.

Leo tangu asubuhi vyombo vinarudi. Na kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Mmoja kaleta maembe, mwingine sukari. Eedo Halimo amekuja wa mwisho, akasukuma geti bila kubisha. Bakuli lilikuwa limejaa maganda ya matikiti maji, yamekatwa vipande vidogo. Hapakuwa na mfuko.

"Ni ya mbuzi," akaniambia. "Si yako. Na wewe bado nina hasira."

Alipita moja kwa moja hadi uani, akamwaga maganda kwenye beseni, akakaa na mama. Nawasikia hapa ninapoandika. Mama anaongea, anaongea bila kupumua.

Moshi wa jirani haujaisha. Nitamfuata, anipende asinipende. Lakini kwanza zile katoni. Kesho nitazirudisha dukani, na mwenye duka akikataa kuzipokea, nitazikalia palepale mlangoni kwake. Nimeshajua namna ya kukaa.