Mji wa Mama Kavira

Bwera, Alhamisi

Na neno lenyewe, "riddle", nililichagua mimi. Kitabu chetu cha somo kina maana yake nyingine, ya ukuta uliotobolewa-tobolewa na risasi. Niliiruka makusudi, kwa kuwa wanafunzi wangu wa Kiingereza ni wakimbizi kutoka Kongo. Nikajiona mjanja. Nikafundisha ile ya kitendawili.

"Nyumba yangu haina mlango," nikatega. Wakashindwa kutegua. Basi nikawaomba mji, kama ilivyo desturi.

Mama Kavira, anayeuza vitenge sokoni Mpondwe, mpakani, akanipa mji wa kwao Kongo, taratibu, "Kamata Beni, mwalimu. Kule siko na mutu tena."

Ukipewa mji, lazima utoe jibu. Jibu lilikuwa yai tu. Sikuweza kulitamka.