Sirinji kwa Mkebe wa Kimbo

Mama Akeyo,

Ulitoka bila chai. Iko kwa thamosi. Hiyo chupa ya soda usiguse, ni mafuta ya breki.

Pikipiki ya kazi ilikuwa imeingia hewa, nikifinya breki inazama tu. Nikatafuta sirinji ya kuvuta hewa, nikapata moja kwa mkebe wako wa Kimbo. Ulipoiona na mafuta ya breki ukapiga nduru, ndio nikakumbuka: hiyo ndiyo tulimnyweshea mtoto maziwa, ile wiki kabla tumzike.

~~Nitakununulia ingine.~~

Nisamehe. Nimeiosha na Omo mara tatu, bado inanuka. Nimeiacha hapa mezani, nje ya mkebe, isiharibu kofia yake.

Sikujua kofia pia uliweka.

Baba Akeyo