Watani Marufuku

Jumatatu, 9 Juni

Nimeanika mpunga. Kutwa nafukuza kuku. Baba mdogo kaja na shati jipya. Jumamosi tunaweka msalaba kwenye kaburi la Deo, mdogo wangu, mwanajeshi, aliyeuawa vitani mwaka jana nchi ya jirani. Baba mdogo kajipa uenyekiti wa kamati. Huyu huyu alimwita Deo kupe, akamfukuza kwake Ifakara eti anakula sana. Leo "shujaa wetu". Kinyaa.

Jumatano, 11 Juni

Kikao. Watu kumi na mmoja, akili ya mtu mmoja haikutimia. Baba mdogo katangaza: wageni rasmi wanakuja, kwa hiyo watani marufuku. Utani msibani ni ushamba, eti! Hata siku ya mazishi waliwazuia, gwaride likachukua nafasi yao. Kwetu marehemu hajazikwa sawasawa mpaka mtani amuigize. Wazee wanalijua hilo. Wameitikia ndiyo, ndiyo, macho yako kwenye pilau. Wanafiki wakubwa.

Mama alikaa pembeni. Tangu Deo aletwe kwenye sanduku lenye bendera hajatoa chozi. Hali, halali. Watu wanamsifu: jasiri, mama wa shujaa. Jasiri kitu gani! Mama anakauka. Naogopa tutamzika naye.

Alhamisi, 12 Juni

Nimetoka hapa kwetu Mkula kwa bodaboda mpaka Kisawasawa kwa Bibi Salome, mtani wetu. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Kacheka.

"Mtani anakatazwa na nani? Nakuja. Na huyo baba yako mdogo nitamnyoosha."

Ijumaa, 13 Juni

Turubai. Viti. Picha kubwa ya Deo, wamemng'arisha mpaka kawa mweupe. Simjui huyo.

Jumamosi, 14 Juni

Baba mdogo kahutubia nusu saa. Deo hakuogopa kitu tangu utoto, kasema. Mwongo hana hata aibu. Padri kabariki msalaba.

Wageni hawajainuka, Bibi Salome huyo, sufuria kichwani, mabuti ya mvua miguuni. Kapiga saluti. Katembea kama Deo, miguu nje kama bata. Ghafla karuka juu ya kiti: "Mama! Chura! Njoo umtoe!" Deo kabisa. Aliogopa vyura mpaka siku anaenda jeshini.

Baba mdogo kafoka atolewe. Bibi kamgeukia, kanyoosha sahani: "Baba mdogo, ugali umebaki?"

Watu hoi. Hata ofisa mwenye nyota begani kacheka. Baba mdogo kaondoka bila kuaga. Aende.

Mama naye kacheka. Kisha kicheko kikakatika. "Deo mwanangu, uliogopa?" Kalia mpaka tukamshika wawili.

Jumapili, 15 Juni

Hatukwenda misa. Mama kalala mpaka saa tano. Kanywa uji vikombe viwili.

Kaniuliza kama Deo alimwita yeye, mama yake, kule alikofia. Nimesema sijui. Tumekaa jikoni, tukachambua mchele.